Padri Aliyeosha Miguu Yake

Kazi yangu ni kuwasemea watu ambao hawanijui. Nakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kibanda cha video pale Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, maiki mkononi, sinema inacheza mbele, na kila anayefungua mdomo kwenye sinema hiyo namsemea mimi, kwa Kiswahili chetu cha mpakani. Kwetu mtu wa kazi hii anaitwa VJ. Watu hawaji kuangalia sinema tu, wanakuja kunisikia. Kuna mzee mmoja wa sokoni ambaye hulipa kiingilio, hukaa, hufumba macho, na akitoka husema sinema ilikuwa nzuri.

Shule niliacha sekondari ya pili, kwa hiyo Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Lakini sauti ninazo. Tatizo ni kwamba sinema moja inaweza kuwa na watu thelathini, na mimi koo ninalo moja. Hapo ndipo nilipojifunza kuazima. Askari wote wa sinema zangu wanaongea kama afande mmoja wa kizuizi cha barabarani. Walevi wote wanaongea kama mwalimu wangu wa michezo. Mke mwenye wivu ni shangazi yangu, na shangazi alikwisha kuja kibandani mara mbili, akamcheka huyo mke mpaka akashika mbavu. Niliamini kabisa kwamba mtu haijui sauti yake mwenyewe, kwa hiyo nikiiazima hakuna anayeumia.

Sasa, kule Rukoki nilikozaliwa, tuna jirani tunayemwita Haji. Makka hajafika. Watu walianza kumwita hivyo ndevu zake zilipogeuka nyeupe, naye alichoka kuwasahihisha. Haji ndiye mchinjaji wetu. Sisi karibu wote ni Wakristo, lakini mbuzi wa arusi, kuku wa Krismasi, hata ng'ombe wa matanga, hatumchinji wenyewe. Huitwa Haji aje achinje, ili kila mgeni atakayekuja, awe wa msikitini au wa kanisani, ale chungu kimoja bila kuuliza. Nilipokuwa mdogo mimi ndiye niliyekuwa nashika miguu ya mnyama. Haji angefika, angekohoa mara mbili kama pikipiki inayokataa kuwaka asubuhi, kisha angesema, "Haya kijana, shika miguu." Halafu Bismillahi, Allahu Akbar, na kazi imekwisha kabla mbuzi hajajua.

Nilimpenda mzee yule, na bado nampenda. Nalisema hili mapema, maana nitakachokieleza hakikutoka kwenye chuki. Kilitoka kwenye uvivu.

Siku moja ililetwa flashi kutoka Kampala, na ndani yake kulikuwa na sinema ya mji mmoja wa mchanga mtupu. Mji huo umetekwa na watu wenye vitambaa vyeusi. Wamefunga vinyozi, wamevunja redio, wamekataza ngoma za arusi, na mwanamke aliyekwenda kisimani peke yake wamemchapa hadharani. Wanasema ndiyo dini. Lugha ya sinema ile sikuijua, nadhani Kiarabu na nyingine ndani yake. Chini yalipita maandishi ya Kiingereza, madogo na yenye haraka. Nilikuwa nasoma neno la kwanza na la mwisho, la katikati nalitunga.

Tuliicheza mara ya kwanza Ijumaa ya soko, mchana, kibanda kimejaa. Mkubwa wa wale watu akasimama akapapasa ndevu zake. Ndevu nyeupe. Nilimwita Amiri, na kabla sijafikiri, koo langu likakohoa mara mbili, nikasikia mwenyewe nasema: "Haya kijana, shika miguu."

Benchi la mbele lilianguka kwa kicheko.

Nani angeacha hapo? Tangu dakika ile kila Amiri alipofungua mdomo alikohoa mara mbili. Akichomoa kisu, Bismillahi. Akichukua kalamu kutia sahihi, Bismillahi. Akimega mkate, shika miguu. Watu walitoka machozi.

Na palikuwa na mzee mwingine kwenye sinema ile, wa upande mzuri. Kanzu nyeupe, shanga mkononi, sauti ya upole. Ndiye aliyewaficha watu nyumbani kwake, ndiye aliyesimama sokoni akamwambia Amiri usoni kwamba anakosea. Nilimtazama mara moja tu. Kanzu nyeupe, shanga za kusalia, moyo mwema: huyo ni padri. Nikampa sauti ya katekista wetu, yule anayeongea kwa pua. Palipofika mahali mzee yule anachukua birika anaosha miguu, nikaeleza kwa sauti ya huzuni kwamba Padri anajiandaa kwa Alhamisi Kuu, siku ya kuosha miguu. Watu wa Amiri walipomburuta nje, wanawake wa benchi la nyuma walilia, na mmoja alifanya ishara ya msalaba. Nikasema moyoni, kijana, wewe hutakaa Bwera muda mrefu. Siku ile nilifanya mazoezi ya sahihi yangu nyuma ya bahasha, ile nitakayoiweka kwenye mabango.

Sauti yangu hurekodiwa, hutiwa kwenye flashi na simu, na husafiri kuliko mimi. Mwezi haukuisha sinema ilikuwa imefika Kasese mjini. Vijana wa bodaboda wakiniona walikohoa mara mbili, nami nikawapungia mkono kama mbunge.

Kisha mama akapiga simu. Wakwe wanakuja kumchukua dada yangu, mbuzi wawili wa karamu wapo, na kwa upande wa wakwe kuna Waislamu wengi. Alitaka niende mwenyewe kwa Haji, kwa sababu mtu mzima haalikwi kwa simu.

Nilimkuta mjukuu wake uani anafua sare ya shule. Msichana yule ndiyo kwanza ameingia sekondari. Toka akiwa na miaka sita alikuwa akifuatana na babu yake kila anakoitwa, yeye akibeba kisu kimefungwa kwenye kipande cha kanga, na kumwagia babu maji ya kunawa kazi ikiisha. Kisu kile alikibeba kama watoto wengine wanavyobeba kombe la shule. Siku zote alikuwa akiniita kaka. Siku ile aliniangalia, akarudi kwenye beseni lake, akasema, "Babu, mwenye sinema amekuja."

Haji alinipa chai. Hakupandisha sauti hata kidogo. Alinisimulia kwamba aliitwa kuchinja arusini, huko juu Kyondo, na alipofika watoto walikimbia na wakubwa wakacheka. Mjomba wa bwana arusi akamwomba aseme tena lile neno lake, shika miguu, wamelisikia lilivyo tamu. Akasema. Akadhani ni heshima. Wakamwomba mara ya pili, akasema mara ya pili, na kikohozi akakiongeza, maana aliona wanafurahi.

Mjukuu ndiye aliyemweleza kwamba ni sinema yangu waliyokuwa wanaiiga, wakiwa njiani kurudi, wanashuka mlima. Shuleni alikuwa anajua siku nyingi. Akifungua tu begi lake wenzake walikuwa wanakohoa.

"Tangu siku hiyo hatembei na mimi," Haji alisema. "Ninakwenda peke yangu. Kisu nakibeba kwenye mfuko wa nailoni."



"Kwa dada yako nitakuja," akaendelea, "lakini peke yangu siji tena. Huyu mtoto akikubali kufuatana nami, mtaniona. Asipokubali, mwite yule Amiri wako awachinjie."

Nilitoka nikamwomba msichana samahani. Aliikamua sketi yake mpaka tone la mwisho ndipo akanijibu.

"Samahani yako haiko kwenye flashi."

Nikashika njia ya kurudi Bwera.

Jumanne iliyofuata Haji alikuja Bwera sokoni kutafuta mbuzi, akapita kibandani asubuhi, watazamaji hawajafika. Alitaka kuiona hiyo sinema aliyoigiza bila kujua. Mwenye kibanda ni mama mmoja Mkatoliki kutoka pande za Butembo, Kongo, aliyevuka mpaka na masufuria mawili na leo ana kibanda na jenereta. Mimi namwita Mama, yeye ananiita mutoto. Alimfutia Haji benchi la mbele kwa kitenge chake mwenyewe, halafu, kwa kuwa ni mtu asiyependa kukaa na neno tumboni, akamwambia kabisa:

"Haji, mie nilikimbiaka watu kama hao kule kwetu. Beko vile, wako hivyo hivyo. Sinema haiseme uongo."

"Walikukimbiza wewe peke yako?" Haji aliuliza.

"Hapana. Tulikimbiaka na jirani yangu, ule wa vitenge. Muislamu kama weye. Duka yake ndio walichoma ya kwanza."

Haji aliitikia kwa kichwa tu. Nikawasha.

 Kikohozi cha kwanza cha Amiri kilipotoka, mkono wake ulikwenda kooni, nikatamani ardhi inifunike pamoja na maiki yangu.  Amiri alimega mkate kwa Bismillahi na shika miguu, Haji akaendelea kutazama. Mpaka tulipofika kwa mzee mwenye birika.

"Simamisha. Huyu ni nani?"

"Padri," nikasema.

"Padri." Akasogea mbele. "Anafanya nini?"

"Anaosha miguu."

"Ya nani?"

Nikatazama vizuri. "Yake."

"Enhe. Na nyinyi Alhamisi Kuu padri anaosha miguu yake mwenyewe?"

Mama ndiye aliyeanza kucheka, polepole, kutoka tumboni. "Hapana, Haji. Ya benzake, ya waumini."

Haji akaniambia nirudishe nyuma kidogo. Tukaona wote watatu: mzee ananawa viganja, anasukutua mdomo, anaosha uso, mikono mpaka viwiko, anapaka maji kichwani, ndipo miguu. Kisha anatandika mkeka, anasimama, anainama, anaweka paji la uso chini. Kwenye maiki mimi pale nilikuwa nimesema, "Padri amezidiwa na majonzi, ameanguka."

Haji alicheka mpaka kofia yake ikadondoka. Alijaribu kusema kitu, akashindwa, akaonyesha skrini kwa kidole, akacheka tena. Mimi pia nikaanza kucheka, kwa woga. Halafu akapangusa macho, akaokota kofia, akaipiga vumbi kwenye goti, na kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Kijana. Mji huu wote ni Waislamu. Huyo mbaya Muislamu, huyu mwema ni imamu, mwanamke aliyechapwa Muislamu, na hao vijana wa redio pia. Wewe wazuri umewabatiza wote. Mbaya ukaniachia mimi."

Nimekwisha kuwasikia watu wakibishana juu ya sinema za namna hii, kama zinauonea Uislamu au hazionei. Mmoja husema zinawapaka matope watu wasiohusika, mwingine husema basi tunyamaze, wauaji wasisemwe? Nilidhani ni swali la watu waliosoma wakamaliza, na mimi ninasukuma tu sauti. Kumbe waliotengeneza ile sinema walikuwa wamemweka imamu ndani, wakampa maneno mazuri kuliko wote, na mimi nilimtoa kwa mdomo wangu, Ijumaa moja, kabla ya saa kumi jioni.

Mama hakukubali kushindwa moja kwa moja. Aliniambia nisije nikamlegeza yule mbaya kwa sababu Haji amekaa hapo.

"Nani amesema alegezwe?" Haji akauliza. "Ninachotaka ni aache kuchinja mkate."

"Lakini hayo maneno, Haji, walisema. Mie nilisikia na masikio yangu. Bismillahi, kisha wakapiga."

 Nilifikiri Haji atabisha. Alizungusha kofia yake mikononi.

"Najua walisema," akasema. "Mimi nikiyasema juu ya mbuzi, naomba ruhusa kwa Mwenye mbuzi. Kisu nakificha asikione. Hao hawakuomba ruhusa kwa mtu."

Mama alimletea soda, na Mama hatoi soda bure. Tukaafikiana hivi: pale ambapo Amiri mwenyewe anayasema maneno hayo kwenye sinema, na ni mahali pamoja tu, nitayaacha. Kwenye mkate na kalamu nitayatoa. Padri atarudi kuwa imamu. Sinema yote nitaisema upya.

Shida ilikuwa yale maandishi ya Kiingereza. Nilimwomba Haji anisaidie Kiarabu, akasema huyo anaongea mbio, yeye anajua kile cha kusalia tu. Basi Jumamosi alirudi na msomaji. Mjukuu aliingia kibandani na daftari, mtandio umebanwa vizuri, akakaa karibu na skrini kuliko mtu yeyote.

"Nimekuja kusoma," aliniambia. "Sijaja kusamehe."

Alisoma kweli. Maandishi yalipita naye akayapokea moja baada ya jingine, akaniambia nimekosea wapi, na nilikuwa nimekosea karibu kila mahali. Mwanamke niliyemfanya mke wa pili wa Amiri alikuwa dada yake, anamsihi aache. Kijana niliyesema anaomba chakula alikuwa anaomba redio yake. Msichana yule alikuwa na subira ya mwalimu anayesahihisha mtihani wa mtu aliyenakili, na kila nikijitetea aliandika kitu daftarini, mpaka leo sijui ni nini.

Imamu nilimsemea kwa sauti ya Haji, mwenyewe akisikiliza. Mzee alifurahi kupita kiasi. Alikaa wima, akataka imamu akohoe mara mbili kabla ya hotuba ya sokoni, kuvuta watu.

"Babu, imamu hana kifua," mjukuu akasema.

"Mara moja basi."

"Hata moja."

Haji alinitazama mimi kwa msaada. Mimi nilikuwa natazama waya wa maiki.

Ikabaki sauti ya Amiri. Nilianza kuwataja niwaazime: yule mwenye duka la vipuri, yule mwalimu wa zamu, kaka wa rafiki yangu. Msichana alitikisa kichwa kila jina lilipopita, kisha akanielekezea kalamu yake. "Tumia yako. Hiyo unayoongea nayo hapa."

Nilikuwa sijawahi kuitumia. Nafikiri sikuwa naiona ni sauti ya mtu wa sinema. Nilimsema Amiri kwa sauti yangu, bila kukohoa, bila madoido, kama ninavyoagiza kahawa. Tulipomaliza Mama alisema sasa Amiri anaogopesha zaidi, "juu ya vile anaongea kama mutu tu, mutu unamujua."

Tuliicheza mpya. Sitawadanganya, walicheka kidogo, na kijana mmoja alidai arudishiwe pesa yake. Mwingine akauliza Padri amekwenda wapi, nikamjibu amehamishwa parokia. Lakini palipofika pale sokoni, imamu anamwambia Amiri usoni kwamba anakosea, yule mzee wa kufumba macho aliyafumbua.

Ile ya kwanza bado inazunguka. Nilikwenda Mubuku kumwona rafiki anayelima mpunga, nikasikia kutoka kwenye simu ya mtu matutani: kikohozi mara mbili. Niliwafuata palizini, nikawaambia mimi ndiye mwenye sauti, ninayo mpya iliyosahihishwa, bure. Wakanishukuru sana. Walisema ya kwao ni tamu zaidi. Kwa hiyo mtu akiniuliza leo kama sinema hizo zinauonea Uislamu, za watu wengine sizijui zote. Yangu iliuonea, na hainirudii mkononi.

Siku ya dada ilifika. Asubuhi nzima nilikuwa natazama njia. Mbuzi wamefungwa, masufuria yapo, shangazi yangu ameshaanza wivu wake juu ya nani atakoroga mchuzi, na Haji haonekani. Mama yangu alipita mara tatu akaniuliza kwa macho. Wanakijiji walikuwa wanajua kisa chote, kwa sababu Mama wa kibanda alikuwa amealikwa naye hana neno la kukaa tumboni. Kila nilipopita mtu alisema, "Amiri, karibu," na mtoto mmoja akajificha nyuma ya pipa, aliponiona tu. Nilijaribu kumchekea. Akapiga kelele.

Ndipo nikawaona kwenye njia ya migomba. Haji mbele, kanzu imepigwa pasi. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Kisha nikaona kwamba mtu yuko pembeni, si nyuma. Walikuwa wanatembea sambamba, na msichana alikuwa anamgombeza babu yake kuhusu kitu. Kwenye mkono mmoja alikuwa na birika. Kwenye mwingine, kipande cha kanga kimefungwa.

 Mtu mmoja, nadhani mjomba mmoja wa upande wa wakwe, alianza kukohoa. Alikohoa mara moja, hakuifikisha ya pili, maana msichana alikuwa amesimama anamwangalia kama anavyoangalia maandishi yaliyokosewa.

Alimpa babu yake kisu kwa mikono miwili. Haji alikipokea, akakificha kwenye mkunjo wa kanzu ili mbuzi asikione. Akasafisha koo kimya kimya, mkono mdomoni. Mjukuu akatazama pande zote, akanipata nimejibanza karibu na sufuria, na akasema kwa sauti ambayo ua mzima uliisikia:

"Haya Amiri, shika miguu."

Nikaenda nikashika.